Kujiuzulu, Kung'atuka na Kukata Tamaa

Bwana Mhariri ameniandikia akinitaka nichangie katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule, naye ameniachia nichague jambo mwenyewe. Basi nimechagua neno moja la Kiingereza, nalo ni "resignation". Najua baadhi yenu mtasema, "Mbona huyu atuletea Kiingereza katika kurasa zetu?" Nawaomba mnivumilie. Neno hilo nililitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijalielewa, nalo likanigharimu mshahara wa miezi miwili. Lau ningalilifikiri kwa Kiswahili siku ile, labda nisingaliligusa.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kutupa neno moja la Kiingereza asubuhi, na jioni sharti tumletee maneno ya Kiswahili yanayolingana nalo. Siku ya "resignation" sote tulileta neno moja tu, "kujiuzulu", tukadhani kazi imekwisha. Mwalimu akaandika sentensi mbili ubaoni. Ya kwanza ilisema kwamba Waziri alipeleka "resignation" yake kwa Rais. Ya pili ilisema kwamba mjane alipokea habari za msiba kwa "resignation". Kisha akatugeukia akauliza, "Je, huyu mjane naye amejiuzulu? Amejiuzulu ujane?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Sikujua kwamba swali lile litanirudia.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini. Waroma walikuwa na neno "signum", maana yake alama au muhuri, na "resignare" ilikuwa ni kuibandua ile lakiri iliyofunga waraka, kuutangua muhuri. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalipata kwao, wakalitumia kwanza kwa mtu anayeachia cheo, kana kwamba anaubandua muhuri wa kazi yake. Baadaye likaanza kutumika hata kwa mtu anayeachia nia yake, akaacha kushindana na jambo lililompata. Hivyo maana mbili zikakaa ndani ya chungu kimoja. Tena wapenda mpira jihadharini: kuna neno lingine lenye herufi hizo hizo, ambalo waandishi waangalifu hulitia kistari katikati, na maana yake ni kutia sahihi mara ya pili. Kistari kikisahauliwa, mchezaji aliyekubali kubaki katika timu yake huonekana ameiacha.

Sasa tuje kwetu. Neno "uzulu" tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Limo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939. Sultani humwuzulu liwali wake, na liwali akauzuliwa. Tia kisilabi "ji" hapo, utapata "kujiuzulu", yaani mtu kujiondoa yeye mwenyewe, kama vile kujinyoa ni kushika wembe kwa mkono wako. Kila siku magazeti husema kwamba mkubwa fulani "alitakiwa ajiuzulu", nasi twasoma na kupita. Lakini lisikilize vema: alitakiwa ajiondoe mwenyewe! Ikiwa mwingine ndiye aliyetaka, na mwingine ndiye aliyetoa wembe, ile "ji" inafanya kazi gani?

Nitawapa mifano ya watu mnaowajua. Mwaka 1977 nchini Tanzania, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Mwanza na Shinyanga watu waliokamatwa waliteswa mikononi mwa watumishi wa serikali, na wengine wakafa. Mzee Mwinyi hakumtesa mtu kwa mkono wake, walakini wizara ilikuwa yake, naye akaacha cheo. Huyo alijiuzulu, na kila herufi ya neno hilo ni haki yake. Hapa kwetu Uganda, Profesa Yusuf Lule alikaa katika Urais siku 68 tu mwaka 1979, ndipo baraza la ushauri la taifa likamwondoa mwezi wa Juni. Huyo aliuzuliwa, na hakuna haja ya kuzunguka. Katikati yao yuko Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, aliyeachia vyeo vyake Januari 1984 baada ya kulaumiwa vikali katika mkutano wa chama huko Dodoma juu ya mambo ya Muungano. Vitabu vyasema alijiuzulu. Mimi nikisoma habari za mkutano ule naiona ile "ji" imekaa kichwani kama kofia ya kuazima.

Wengi hulichanganya neno hili na "kustaafu". Kustaafu ni kumaliza utumishi, kwa umri au kwa kutimiza miaka ya kazi, na mtu akaenda zake na heshima yake na pensheni yake. La ajabu ni kwamba neno hili nalo lilizaliwa likiwa na maana ya kujiuzulu. Katika Kiarabu ni kuomba uachiliwe, kuomba upewe ruhusa ya kutoka, na mpaka leo wasemao Kiurdu huita "istifa" ile barua ya kuacha kazi. Mzizi wake ni ule ule wa "afu", yaani samehe, na wa "afya" pia. Hivyo mstaafu kwa asili ni mtu aliyeomba udhuru, akasamehewa kazi. Baba yangu, aliyestaafu katika polisi akiwa sajini, nilipomwambia habari hizi alisema kwamba kuhusu msamaha anakubali, lakini kuhusu afya hajaiona.

Kisha kuna "kung'atuka", neno ninalolipenda kuliko yote. Halikutoka Uarabuni wala Uingereza, limetoka kwa Wazanaki, watu wa upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, ambao ndio watu wake Mwalimu Nyerere. Kwa desturi yao, wazee hung'atuka katika uongozi ili rika la nyuma yao lishike. Mwalimu alilitumia alipoacha Urais wa Tanzania mwaka 1985, na tangu hapo likaenea katika Kiswahili chote. Yeye mwenyewe aliwahi kujiuzulu zamani, Januari 1962, alipoacha Uwaziri Mkuu wa Tanganyika wiki sita tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Desemba mwaka ule ule akarudi akiwa Rais. Mambo haya mawili hayafanani. Anayejiuzulu huacha kiti, na nani atakikalia si lazima kuwa shauri lake. Anayeng'atuka humtazama anayekuja. Na aliyempokea Mwalimu mwaka 1985 alikuwa nani? Alikuwa yule yule Mzee Mwinyi aliyejiuzulu mwaka 1977.

Maneno ya mitaani nayapitia upesi. "Kuachia ngazi" ni kuacha cheo, na husemwa zaidi juu ya wakubwa. "Kubwaga manyanga" ni kushindwa na kuacha, kama mganga aliyetikisa manyanga yake usiku kucha na pepo asitoke, basi akayabwaga chini. "Kujiengua" ni kujitoa katika mashindano au uchaguzi. "Kujivua gamba" kulisikika sana mwaka 2011, chama kinachotawala Tanzania kilipowataka wakubwa wake walioshukiwa kwa ufisadi wajitoe wenyewe, kama nyoka atokavyo katika ngozi ya zamani. Waganda husema "okulekulira", na ndani yake mwasikika "kuleka", yaani kuacha. Mtu wa kawaida, asiye na cheo cha kuandikwa gazetini, yeye husema tu "nimeacha kazi".

Na hapo ndipo habari yangu inapoanza. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa ghala katika mji wa Kampala, katika kampuni ambayo jina lake nitalihifadhi. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yanayoshushwa katika malori na kuyaandika daftarini, na kuyahesabu tena yanapotoka. Mwezi wa Machi hesabu ya sukari ikapungua magunia arobaini. Ghala lilikuwa na funguo tatu, na mimi nilikuwa na mmoja tu. Meneja akaniita asubuhi, akanipa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa kwa Kiingereza, mistari mitatu, na katika mstari wa kwanza lilikuwamo lile neno. Akasema, "Tia sahihi hapa uende zako salama, ama tuwaite polisi." Mimi ni mtoto wa polisi. Nilimfikiria baba yangu akisikia kwamba mwanawe yuko rumande kwa ajili ya sukari. Nikatia sahihi.

Nikatoka nikiwa na mfuko wangu mkononi. Langoni lilikuwapo lori kutoka Mombasa likingoja kushusha mchele, na dereva wake alikuwa mzee wa huko huko, mtu niliyezoea kusema naye Kiswahili kila alipokuja. Akaniita.

"Vipi mwanangu, leo watoka mapema?"

"Nimejiuzulu, mzee."

"Umejiuzulu?" Akanitazama. "Barua kaiandika nani?"

"Meneja."

"Na kalamu ya nani?"

"Yake."

Akatikisa kichwa. "Basi hukujiuzulu wewe. Umeuzuliwa, kisha ukapewa na kalamu ya kujiuzulia."

Nikaona haya. Mzee yule hakusoma sekondari, naye aliipata kwa maswali mawili maana ambayo mimi, mwanafunzi wa mwalimu wetu, nimeipita kama kipofu.

Wadogo zangu mtakaoingia kazini, shikeni jambo hili, kwa kuwa si la kamusi tu. Katika Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006, mtu aliyefanya kazi miaka mitano na zaidi, lakini haijafika kumi, akiachishwa apaswa kupewa notisi ya miezi miwili, au mshahara badala yake. Aliyeacha mwenyewe hana dai hilo. Yeye ndiye anayepaswa kumpa mwajiri notisi. Kwa hiyo "ji" moja ilinichukulia mishahara miwili. Lakini sheria hiyo hiyo yasema pia kwamba ikiwa mfanyakazi ameacha kwa sababu ya matendo yasiyo ya haki ya mwajiri, basi huhesabiwa kuwa ameachishwa. Yaani sheria yaweza kuinua kofia ikatazama kichwa kilicho chini yake, kwa sharti kwamba mtu apeleke shauri lake kwa Afisa Kazi, na muda uliowekwa ni miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa. Afisa aweza kuongeza muda akionyeshwa sababu ya haki.

Mimi sikwenda. Nilirudi nyumbani Tororo, nikakaa. Na hapa naja katika maana ya pili ya neno letu, ile ya mjane.

Nilikaa kimya, nikilima kidogo, nikichota maji, nikiwaitikia watu vizuri. Majirani walimwambia mama, "Huyu mwanao ana subira kweli kweli." Mama alifurahi. Mimi nami nilifurahi kusikia hivyo, nikaanza kujiona kuwa ni mtu mwenye subira, na kila nilipoulizwa nilijibu, "Ni mapenzi ya Mungu." Baba yangu hakusema neno. Yeye alikaa polisi miaka mingi, na polisi wa Uganda wa zamani walisema Kiswahili kazini, kwa hiyo alitulea kwa lugha hiyo, naye huyapima maneno yake. Jioni moja, miezi miwili ilipokuwa imepita, aliniita chini ya mwembe.

"Waonekana una subira," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwenye subira hungoja kitu. Wewe wangoja nini?"

Nikakosa jibu.

"Basi hiyo si subira. Umekata tamaa, nawe umeivalisha kanzu."

Wasomaji, Kiingereza kingalinificha. Kwa Kiingereza ningalisema niko katika hali ya "resignation", na hakuna ambaye angaliniuliza ni ipi, kwa kuwa mwenye imani na mwenye kushindwa wote wawili huitwa jina hilo. Kiswahili hakikubali. Kinakutaka useme moyo wako umekaa wapi. "Subira" au "saburi" ni kungoja huku ukishikilia. "Kuridhia" ni moyo wenyewe kukubali, bila kinyongo. Mtu aliyeridhia ukimwuliza kesho atakujibu vile vile. "Kutawakali" ni kumwachia Mungu baada ya kufanya lililo lako, na hilo "baada" ndilo tunalolisahau. Mkulima aliyepanda hutawakali juu ya mvua. Asiyepanda hatawakali, amelala tu. "Kukinai" ni kutosheka na ulicho nacho, lakini jihadharini nalo, maana mahali pengine kukinai ni kuchoshwa na kitu mpaka hukitaki tena. "Kusalimu amri" ni neno la vita: umeweka silaha chini kwa sababu aliye mbele yako ana nguvu, na moyoni huenda hukukubali hata kidogo. "Kukata tamaa" kila mtu anakujua. Na "potelea mbali" na "liwalo na liwe" ni maneno ya hasira. Mwenye kuyasema hajakubali lolote, amechoka kubishana tu.

Wazee wana methali isemayo lisilobudi hutendwa. Niliitumia sana siku zile. Lakini methali hiyo yahusu lisilo budi, na mimi nilikuwa na budi: nilikuwa na mwezi mmogo uliobaki, na nauli ya kwenda Kampala ilikuwa mfukoni mwa baba. Msiba wa mjane wa ubaoni haukuwa na Afisa Kazi wa kupelekewa. Wangu ulikuwa naye. Tena nawaambia, mtu mwenyewe hawezi kujitambua kwa urahisi, kwa kuwa kwa nje haya yote hufanana: mtu amekaa, amenyamaza, hagombani. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo wasemavyo, nami naongeza kwamba hata mwenye kovu mwenyewe aweza kudhani amepoa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipanda basi siku ya pili yake. Sikupanda. Nilimwambia baba kwamba nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Nilikwenda Agosti. Afisa Kazi alikuwa mtu mpole. Aliisoma nakala ya barua yangu, akahesabu miezi kwa vidole, kisha akaniuliza nina sababu gani ya kuchelewa. Kama ningalikuwa mgonjwa, au kama ningalizuiliwa, angalisikiliza. Nilitafuta sababu nisiione. Sikuweza kumwambia kwamba nilidhani nina subira. Akanirudishia barua yangu kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaondoka.

Mshahara ule ulikwenda, na magunia yale hayakuonekana. Barua ninayo mpaka leo. Siku hizi nina kibanda changu mjini cha kupiga chapa na kutoa nakala, na watu huja niwaandikie barua za kila namna: za kuomba kazi, za posa, za mashauri ya viwanja. Baadhi huja kuandikiwa barua ya kuacha kazi. Kabla sijagusa mashine huwauliza kwa Kiswahili, "Wajiuzulu au wauzuliwa?" Wengi hucheka wakasema wamepata kazi bora mahali pengine, nami naandika upesi na kuwatakia heri. Mwezi uliopita alikuja msichana mmoja aliyekuwa mpokea fedha katika duka, ameshika kipande cha karatasi chenye maneno aliyoandikiwa na bwana wake ili nimpigie chapa vizuri. Nikamwuliza swali langu. Akanyamaza kitambo. Kisha akakikunja kile kipande, akakitia mfukoni, akaniuliza ofisi ya Afisa Kazi iko upande gani.